Nilivyoingia Kidato cha Tano kwa Jina la Zakia

Sehemu ya nne

Mliosoma wiki iliyopita mnakumbuka nilipokwama. Matokeo ya kidato cha nne yalibandikwa pale shuleni kwetu Mlowo, nikalitafuta jina langu kuanzia juu kwenda chini, nikalikuta mwisho kabisa. Sekela Mika. Divisheni ziro. Nilipofika nyumbani, kijijini kwetu Ruanda, baba akaniuliza neno moja tu, "Vipi?", na mdomo ukajibu kabla akili haijafika: "Nimechaguliwa, baba."

Msomaji mmoja wa Vwawa amenitumia ujumbe: "Dada, si ungesema ukweli tu? Baba yako asingekuua."

Kweli, asingeniua. Lakini wewe hukumjua baba yangu.

Baba, Mzee Mika, alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya waumini, kofia mkononi, akasema: "Ukoo wetu umetoa wakulima, umetoa mafundi, umetoa hata walevi. Daktari hatujawahi kutoa. Mwaka huu Bwana ameikumbuka nyumba yangu."

Kanisa zima likasimama kuimba. Mimi nikasimama nao.

Nje, akina mama walinizunguka. Mmoja, mama Nesta, akapandisha kitenge kidogo akanionyesha goti.

"Daktari wangu, limevimba tangu mvua zianze. Nitumie nini?"

"Bado sijaanza kusoma, mama."

"Basi lishike tu."

Nikalishika.

Huo ulikuwa mwaka 2003. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na sijawahi kuona aibu nzito kama goti lile.

Siku ya pili yake baba akaanza: "Fomu ya kujiunga inakuja lini? Nataka nijue vitu vya kununua."

"Wiki hii, baba. Iko kwa mwalimu."

Nikapanda gari kwenda Tunduma kumtafuta Zakia.

Zakia Sufiani ndiye niliyekaa naye chumba kimoja cha kupanga pale Mlowo miaka yote minne ya sekondari. Baba yake alikuwa na malori yaliyokwenda Zambia mpaka Kongo. Mimi Mzee Sufiani sikuwahi kumwona kwa macho. Kila alipopita barabarani alimshusha utingo atuletee mchele na mafuta, yeye akaendelea na safari. Likizo ikifika, Zakia alikwenda kwao, mimi kwetu.

Zakia alikuwa amepata divisheni wani. Alichaguliwa kusoma sayansi, fizikia, kemia na baiolojia, kwenye shule moja ya wasichana ya bweni mkoani Iringa.

Nilimkuta karibu na mpaka, nyuma ya meza ya vitenge na sabuni, anamhudumia mama mmoja wa Kizambia. "Natotela, bamayo," akamshukuru kwa Kibemba, akamfungia mzigo, ndipo akaniona.

"Shosti! Umepotea!"

"Zakia, fomu yako ya kujiunga umeshaijaza?"

Akacheka. "Ile? Ipo hapa." Akaivuta kutoka chini ya bunda la vitenge. Nyuma ya karatasi alikuwa amechora duka kwa kalamu: rafu, kaunta, na milango miwili, mmoja kila upande.

"Unakumbuka siku Mwalimu Nathanaeli alipotuuliza darasani, mtu aliyefanikiwa ni nani?" akasema. "Wavulana wote wakapiga kelele, mwenye lori! Wewe ukasema daktari. Mimi nikasema mwenye duka lenye mlango mmoja Tunduma na mwingine Nakonde, upande wa Zambia, darasa zima likanicheka mpaka basi. Sasa ndilo hili. Litazame."

"Na baba yako anasemaje?"

"Baba nimemwambia nimefeli."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba amelia, Sekela," akasema, sasa hacheki. "Mtu mzima vile, kalia mbele yangu. Alitaka mtoto wake mmoja asome mpaka mwisho wa kusoma. Lakini akijua nimefaulu, nitafungiwa bwenini miaka miwili, kisha chuo miaka mitano, kisha nipelekwe kwenye zahanati nisiyoijua nikachome watu sindano. Kwa ajili ya nani? Nimefeli, basi. Keshakubali niende kwa shangazi Nakonde nikajifunze biashara."

"Lakini ungeitwa daktari."

"Wewe ndiye unayetaka kuitwa."

Hapo alinipata. Nawaambia leo kwa kuwa nimeapa kuandika yote: sikuwahi kumpenda mgonjwa hata mmoja. Damu ilinitia kizunguzungu. Nilichopenda ni koti jeupe, na watu kusogea pembeni unapopita.

"Mimi nimemwambia baba nimefaulu," nikasema.

Tukatazamana. Akaanza yeye kucheka, nikafuata, tukacheka mpaka machozi yakatutoka na watu wakageuka kututazama. Aliyefaulu anasema amefeli, aliyefeli anasema amefaulu.

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba wazo lilikuwa la Zakia. Halikuwa lake. Lilikuwa langu.

"Nipe hiyo fomu," nikasema.

Kicheko chake kikakatika.

"Uende kwa jina langu?"

"Ni jina tu, Zakia. Wewe hulihitaji kule."

"Jina langu nalihitaji kila mahali." Akageuza ile karatasi, akatazama mchoro wake. "Halafu wakikukamata?"

"Nani anayenijua Iringa?"

Mteja akaja akaondoka bila kuhudumiwa. Kisha akachukua kipande cha boksi la sabuni, akaunakili mchoro wa duka mstari kwa mstari, mimi nimesimama namsubiri. Alipomaliza akanipa fomu, matokeo, na cheti chake cha kumaliza shule. Cheti chetu hakikuwa na picha.

"Usiniaibishe," akasema. "Hilo tu."

Siku hiyo hiyo nilipiga picha za pasipoti kwenye studio iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Mahali palipoandikwa "Bandika picha hapa", nikabandika uso wangu juu ya jina la Zakia Sufiani.

Nyumbani nilimpa baba ukurasa wa pili peke yake, wenye orodha ya vitu.

"Wa kwanza uko wapi?"

"Umebaki kwa mwalimu unagongwa muhuri, baba."

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti ili mama asikie kutoka jikoni. Ndoo moja. Jembe. Shuka jozi mbili. Blanketi. Koti jeupe la maabara.

Akasimama hapo. Akarudia tena, taratibu: "Koti jeupe la maabara." Kisha akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Siku ya kuondoka likazuka jingine. Baba alimwagiza kaka yangu Ezron anisindikize mpaka kwenye geti la shule.

Ezron alikuwa amenizidi miaka miwili. Aliacha shule kidato cha pili, akaenda Tunduma, na kila aliporudi nyumbani alisema yeye ni wakala wa forodha. Shingoni alivaa simu ya mkononi kwenye kamba. Sijawahi kuisikia ikiita.

Njia nzima mpaka Mbeya niliwaza namna ya kumrudisha. Tuliposhuka stendi kubadili basi nikamwambia, "Kaka, hapa panatosha. Mimi si mtoto."

"Unaogopa nini, Zakia?"

Nikageuka kama aliyemwagiwa maji.

"Fomu yako nimeisoma mama alipokuwa anakufungia tranka," akasema. "Na kule Mlowo nilipita nikaona matokeo. Mdogo wangu, ziro haijifichi."

Nikakalia tranka.

"Mbona hukumwambia baba?"

Ezron akachuchumaa mbele yangu. Watu wanapita na mizigo, wapiga debe wanatupigia kelele, yeye ananong'ona.

"Mimi nilipoacha shule, baba alisema sawa, mwanaume hatafuti maisha ndani ya daftari. Tangu siku hiyo, nikifika nyumbani anatazama mikono yangu, nimeshika nini. Wewe unaulizwa umesoma mpaka wapi. Mimi naulizwa nimejenga wapi. Nina miaka ishirini, Sekela! Wenzangu wanasema atakayechelewa kununua gari si mwanaume. Pale mpakani mimi si wakala. Nawakimbizia mawakala karatasi zao, wakichoka wananituma chai. Sasa nikuchome wewe kwa lipi? Wote wawili tunamdanganya mzee mmoja."

Nilitaka kumshika mkono. Akasimama, akajipangusa suruali.

"Soma," akasema. "Ukishindwa kuwa daktari wa kweli, baba atakufa na mimi nitakuwa nimemficha ukweli. Panda basi."

Akalirusha tranka langu juu ya basi, akaondoka bila kugeuka.

Nilifika shuleni mchana. Mbele ya ukumbi palikuwa na meza, na nyuma yake mwalimu wa malezi, Mwalimu Ferista, mama mnene wa sauti ya upole.

"Jina?"

"Zakia Sufiani."

"Karibu, Zakia. Dini?"

Wasomaji wangu, nilikuwa nimefikiria kila kitu. Sahihi yake nilikuwa nimejizoeza kuiandika. Tarehe yake ya kuzaliwa nilikuwa naijua kuliko yangu. Hilo moja halikunijia akilini, mimi binti wa mzee wa kanisa.

Mwalimu Ferista hata hakusubiri. "Muislamu," akajiandikia. Akainua kichwa. "Raudha! Njoo umpokee mgeni wako."

Raudha alikuwa kidato cha sita, kiongozi wa wasichana wa Kiislamu pale shuleni. Mrefu, mcheshi, akalinyakua tranka langu kama kikapu kitupu.

"Assalaam alaykum, mdogo wangu."

"Waalaykum salaam," nikajibu. Hilo nilikuwa nimelisikia kwa Zakia miaka minne.

Bwenini akanisaidia kupanga vitu. Akatoa shuka, akatoa blanketi, akatoa Biblia. Sikujua imo. Baba aliiweka chini kabisa bila kuniambia. Raudha akaifungua ukurasa wa mbele, akasoma mwandiko wa baba: "Kwa Sekela Mika, daktari wetu."

"Sekela ni nani?"

"Rafiki yangu," nikasema. "Aliisahau kwangu."

Nilisubiri anigeukie. Raudha akaifunga kwa mikono miwili, akaiweka juu ya kabati, mahali pa juu kuliko vitu vyote.

"Hiyo ni amana. Mwandikie barua aje aichukue, asije akadhani imepotea."

Jua lilipozama wakaniita kuswali. Nilijitanda kanga, nikakaa mstari wa nyuma. Walipoinama nikainama. Walipopiga magoti nikapiga magoti, nachungulia pembeni kama mtu anayeigilizia mtihani. Mbele yangu palikuwa na wasichana wanaomwomba Mungu wao kwa moyo, na mimi katikati yao naiba mpaka sala.

Sikulala vizuri tena pale shuleni. Nilikula haraka, nilikaa karibu na mlango. Mtu akiita "Zakia!" nilichelewa kuitika, wenzangu wakaanza kusema mgeni ana kiburi. Siku moja mpishi alimwita mwenzake "Sekela, leta maji!" nikainuka na sahani yangu mkononi. Nikasingizia nakwenda kunawa.

Darasani fizikia niliitazama kama mtu anayesoma Kichina. Lakini baiolojia, sijui ni hofu au ni nini, niliisoma kwa wazimu. Jaribio la kwanza nikawa wa pili darasa zima. Mwalimu akasoma: "Zakia Sufiani, sabini na nane." Wakapiga makofi.

Nilikaa nikisikia makofi ya mtu mwingine. Ndipo nikaelewa kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia. Nilikuwa nimeweza, kwa kichwa changu mwenyewe, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, mwanafunzi akaja mlangoni. "Zakia anaitwa ofisini. Ana mgeni."

Nikajua ni Ezron. Njiani nikaanza kupanga maneno ya kumwambia kuhusu ile sabini na nane.

Ofisini alikuwepo mzee amevaa kofia ya kushonwa kwa mkono na koti la baridi. Kwenye kiti kando yake kulikuwa na mfuko wa visheti na kamusi mpya. Uso wake uling'aa. Aliniona nikiingia, akaendelea kuutazama mlango nyuma yangu, akisubiri mtu mwingine aingie.

"Huyu hapa binti yako, mzee," akasema Mwalimu Ferista. "Mpole kweli. Baiolojia amekuwa wa pili. Na swala hakosi."

Mzee akanitazama mimi. Akautazama mlango. Akanitazama tena.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Marahaba haikutoka.

Nimepata kuona nyumba ikiungua. Nimepata kuona lori likianguka mlima ule wa Senjele. Sijapata kuona kitu kikiporomoka kama furaha ya uso ule.

"Mzee, mbona kimya?" Mwalimu Ferista akacheka kidogo. "Sare imembadilisha? Si binti yako huyu?"

Nikahesabu pumzi zangu. Moja. Mbili.

"Ndiye," akasema Mzee Sufiani.

"Basi ngojeni niwaletee kitabu cha wageni, kiko kwa mkuu." Mwalimu akatoka, akaturudishia mlango.

Mzee akasogea karibu. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Wewe ni Sekela. Uliyekuwa unakaa na mwanangu Mlowo."

Nikatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yameshafika.

"Usilie, watasikia. Nisikilize. Juzi nilikwenda Nakonde kwa dada yangu kumwona Zakia. Dada yangu ananiambia Zakia hajakanyaga pale hata siku moja. Naondoka pale nimechanganyikiwa, naripoti polisi Tunduma kwamba amepotea, nikitoka nakutana na mwalimu wenu Nathanaeli, ananipa mkono wa hongera. Ananiambia: mzee, binti yako ameripoti kidato cha tano. Binti, nilikaa chini barabarani nikamshukuru Mungu. Nikasema kumbe alinificha ili anifurahishe. Nimepanda basi la kwanza. Nimekuja nimemnunulia kamusi."

Akaishika ile kamusi, akaiweka tena.

"Nimesema ndiye kwa sababu ningesema siye wangekuita polisi, na wewe ndiye mtu pekee niliyebaki naye wa kumuuliza. Wiki tatu tangu aondoke nyumbani. Mwanangu yuko wapi?"

"Baba, sijui. Wallahi sijui. Aliniambia anakwenda kwa shangazi."

"Usiniapie kwa kiapo kisicho chako."

Nikafuta machozi kwa mkono.

"Jana nilipitia kituo cha polisi," akasema, "nikawaambia waache kumtafuta. Nikawaambia yuko shule. Umeelewa ulichokifanya? Kwa kila mtu anayeulizwa, Zakia yupo hapa, amekula, amevaa sare. Hakuna anayemtafuta."

Mlango ukafunguka. Mwalimu Ferista akaweka kitabu cha wageni mezani, akakifungua, akamwonyesha kwa kidole. "Jina la mgeni hapa, anakotoka hapa, na hapa jina la mwanafunzi uliyemtembelea. Ni utaratibu tu, mzee. Mkuu hukagua kila jioni."

Mzee Sufiani akaandika jina lake. Akaandika Tunduma. Kwenye nafasi ya tatu mkono wake ukasita.

Kisha akakigeuza kitabu, akanisogezea.

"Andika wewe, mama," akaniambia, kama mzazi anayembembeleza mtoto wake mbele ya watu. "Andika jina la mtoto niliyemkuta hapa."

Mwalimu Ferista akatabasamu, akidhani ni utani wa baba na binti.

Nikiandika Zakia, nabaki shuleni, baba yangu anabaki na daktari wake, na hakuna polisi atakayeuliza tena rafiki yangu alipotelea wapi. Nikiandika Sekela, sijui jioni ile ningelala wapi.

Nikashika kalamu, nikaandika herufi ya kwanza. Mwalimu Ferista akainama kusoma.